Yako Sawa, Dada

Dada yake alipopiga simu kumwambia gari lake limetoka gereji baada ya mwaka mzima, Gia alikuwa amelala chini ya gari la ofisi akitazama kama oili inavuja.

Jina la Gia alipewa na wapwa zake, likamganda. Alikuwa dereva wa wapima ardhi, mwaka wa kumi na tatu sasa, na katika ukoo mzima yeye ndiye aliyekuwa daktari wa magari. Gari likikohoa anaitwa Gia. Likigoma anaitwa Gia. Binamu akitaka kununua la mtumba, hatoi neno mpaka Gia ainame, atazame chini, agonge hapa na pale, atikise kichwa kama mtu anayejua jambo asilotaka kulisema.

"Limenyooshwa, limepakwa rangi, utadhani halijapata kuguswa na kitu," alisema dada yake. "Kimebaki kitu kimoja tu. Wamelitoa na matairi ya kuazima, wanataka niyarudishe. Mdogo wangu, nataka yasiyopiga kelele. Unaijua hali ya shemeji yako. Tena yawe ya kudumu, nisiwe mtu wa kurudi dukani kila baada ya muda mfupi. Wewe ndiye mwenye macho ya vitu hivyo. Jumamosi twende ukanichagulie."

"Hamna shida, dada."

Simu ilipokatika hakutoka. Oili ilikuwa haivuji, hilo alishaliona zamani. Akabaki palepale mgongo chini, simu kifuani, mpaka mmoja wa wapima ardhi alipoinama na kumuuliza kama amelala.

Mwaka mmoja na miezi miwili nyuma, dada huyu, ambaye ni mkunga wa zahanati, alipelekwa mafunzoni kwa wiki tatu. Mumewe hakuwa dereva. Kwa hiyo dada akamwachia mdogo wake gari, na neno moja: "Mvua zinakuja. Lipeleke likaguliwe matairi. Yakiwa yamechoka nipigie, nijue la kufanya."

Gia alilipeleka, na kwa haki yake alilipeleka mahali pazuri, kwa mwanamke mmoja fundi wa matairi aliyeitwa Mama Presha, kwa kuwa kila mteja aliyefika kwake analalamika alijibiwa kwanza kwa swali: "Presha umepima?" Mama Presha alipitisha kidole gumba juu ya matairi yale manne, akachuchumaa kusoma namba zilizopigwa ubavuni, akasimama akifuta mikono.

"Ya mbele vipara. Ya nyuma yana mwaka wa nane, yamepasuka kama kisigino cha mkulima. Saizi hii sina. Niachie gari, mzigo unaingia baada ya siku tano. Usilitembeze, hasa kwenye maji."

Siku tano! Jumamosi ile rafiki yake Gia alikuwa anaoa, na Gia alikuwa ameahidi kumwendesha bibi harusi. Gari jeupe, lenye utepe, yeye mwenyewe ndani ya suti ya kijivu. Alikuwa ameshawaambia watu. Akamwambia Mama Presha atarudi, akaondoka na gari. Usiku dada yake akapiga simu kuuliza.

"Yako sawa, dada," alisema Gia. "Yanasukuma mwaka mzima."

Alikusudia kurudi baada ya harusi. Harusi ikapita, ikaja safari ya kazi, dada akarudi, akakabidhiwa funguo na gari lililooshwa mpaka ndani ya mifuko ya milango. Kumwambia sasa ingekuwa kumwambia pia kwamba alimdanganya. Akasema moyoni, wiki ijayo. Mvua haikusubiri hiyo wiki ijayo.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, kwenye kona iteremkayo kuelekea darajani. Dada aligusa breki, gari halikumsikiliza. Liliteleza ubavu ubavu kama sabuni kwenye sinia, likapiga ukingo wa daraja upande wa abiria. Yeye alitoka na mkono uliochubuka. Mumewe aligonga kichwa kwenye nguzo ya mlango.

Askari wa barabarani waliandika kwamba mwendo haukulingana na hali ya barabara. Mvua ilikuwa inapiga, hakuna aliyeinama kutazama matairi. Kesho yake Gia ndiye aliyesimamia gari kuvutwa, na Gia huyohuyo ndiye aliyemwambia fundi wa gereji ayang'oe yale manne akayatupe, hayafai tena. Kisha akaenda hospitali. Dada yake alikuwa amekaa kwenye benchi ya korido, viatu vimejaa matope makavu, anarudia maneno mamoja: "Ni mimi. Nilishika breki vibaya. Ni mimi." Gia akakaa kando yake, akampigapiga mgongoni, akasema, "Usijilaumu, dada. Ni mambo ya Mungu."

*

Jumamosi alifika nyumbani kwao saa tatu. Alivua viatu mlangoni na kutembea kwa nyayo, kama walivyozoea wote siku hizi. Shemeji yake alikuwa mwalimu wa muziki katika shule ya sekondari, mtu wa kuimba akinyoa ndevu, akioga, akitafuta soksi. Tangu siku ya daraja, sauti za kuunguruma zilimwingia kichwani kama msumari. Kelele za watoto alizistahimili. Mlio wa mfululizo ndio uliomwangusha kitandani: pampu ya maji, feni, mashine ya kusaga. Jokofu lilikuwa limehamishiwa barazani, limefunikwa kitambaa. Saa ya ukutani ilikuwa imetolewa betri. Kinanda kilikuwa pembeni, juu yake nguo zilizokunjwa zikisubiri pasi.

"Shemeji," alisema shemeji kwa sauti ndogo, akimpa mkono. "Mnakwenda kuninunulia kimya?"

"Tunakwenda kukitafuta, shemeji."

"Mkikikosa nileteeni hata nusu."

Alicheka mwenyewe. Gia alicheka pia, na kicheko kilimkauka mdomoni, kwa sababu yule mtu alimtazama kwa upendo kabisa.

Nje, dada alimpa funguo. Tangu ajali hakuwa amegusa usukani. Zahanati alikwenda kwa miguu, dakika arobaini na tano kwenda, arobaini na tano kurudi. Mama mkwe wake alikuwa amesema mbele za watu kwamba yeye alimtafutia mwanawe mke, si dereva wa mashindano. Dada hakumjibu. Angejibu nini, na yeye mwenyewe aliamini hivyo?

"Kuna duka moja kule upande wa soko jipya," Gia alisema akiwasha gari. "Wana matairi ya kila aina."

"La. Muuguzi mwenzangu kaniambia twende kwa mwanamke mmoja anaitwa Mama Presha. Anasema hakuuzii tairi usilolihitaji hata umpigie magoti."

Gia aliweka gia, gari likaruka kidogo. "Yule ana maringo. Foleni yake ndefu."

"Leo sina haraka."

"Dada, mimi nakuambia..."

"Gia, leo nimeamua mimi, basi."

Njia nzima dada alishikilia kile kishikio cha juu ya mlango, mkono umekakamaa, mguu wake wa kulia ukikanyaga breki isiyokuwepo. Kila walipokata kona alifumba macho. Gia aliendesha pole kama anabeba mayai, na kila alivyozidi kuendesha vizuri ndivyo alivyozidi kujiona mwizi.

*

Duka la Mama Presha lilikuwa banda refu la mabati lenye harufu ya mpira mpya na vumbi la chuma. Matairi yalipangwa ukutani hadi darini. Mwenyewe alikuwa amefunga kanga juu ya ovaroli, kalamu nyuma ya sikio. Alilitazama gari, akalizunguka, akagusa upande uliopigwa rangi upya.

"Hili gari nalijua," alisema.

Kisha akamtazama Gia. Gia alihisi masikio yanawaka. Alitikisa kichwa kidogo, hata yeye hakujua kama anakana au anaomba. Mama Presha alimgeukia dada.

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

"Nataka matairi ya kimya," alisema dada. "Mume wangu ana tatizo la kichwa. Na yanayodumu."

"Kimya na kudumu ni ndugu wasioelewana, lakini tutawapatanisha. Njoo huku."

Alishusha tairi la kwanza, akalilaza juu ya meza ya mbao.

"Tazama hii mikato ya juu, sisi tunaiita kashata. Ukiona vijumba vikubwa vimeachana hivi, hili ni tairi la matope. Kwenye lami litaimba kama mzinga wa nyuki. Achana nalo. Sasa hili." Akashusha la pili. "Vijumba vidogo, vimekaribiana, tena havilingani ukubwa. Vikilingana vyote vinapiga lami kwa mdundo mmoja, ndipo unasikia mvumo. Visipolingana, kila kimoja kinasema lake, sauti inatawanyika. Na hapa pana karatasi. Hii picha ya spika na namba yake ndiyo kelele za nje. Namba ikiwa ndogo, tairi ni la adabu."

Dada aliinama akasoma, akapitisha kucha juu ya mpira. "Hili ni laini."

"Umeliona. Laini ni pole, lakini linaisha kama sabuni. Hili la tatu ni gumu, litakuzika, lakini kila likizeeka linanguruma. La katikati ni hili hapa. Utalipata miaka minne, mitano, ukilitunza. Na kutunza si kuliosha. Presha upime kila wiki mbili asubuhi, tairi likiwa baridi. Kila kilomita elfu kumi ya mbele yaende nyuma. Magurudumu yanyooshwe, maana tairi likiliwa upande mmoja, hata liwe la kimya namna gani, litaanza kulia."

"Nimekuelewa."

"Hujanielewa bado, mama. Umeniomba kimya, umeniomba kudumu. Hujaniomba la tatu."

"Lipi?"

"Kushika kwenye maji."

Dada aliweka mkono juu ya tairi kama anapima homa ya mtoto.

"Niliteleza kwenye maji," alisema taratibu. "Mwaka jana. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Nilikwenda kasi. Sikudhani kama ni kasi, lakini lazima ilikuwa kasi, maana matairi yalikuwa mazuri. Huyu mdogo wangu aliyakagua mwenyewe."

Palikuwa na kompresa ikivuma nyuma ya banda. Mama Presha alichukua kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Nakwenda kuzima ile mashine," alisema. "Nitachukua muda. Mimi nikizima mashine huwa nachukua muda." Alipompita Gia alisema kwa chini bila kusimama, "Nikirudi nitaulizwa, na mimi sijui kusema uongo."

Walibaki wawili. Kompresa ikazimika.

Gia alikuwa amefikiria maneno haya kwa miezi kumi na minne. Aliyapanga njiani, bafuni, kwenye foleni za mafuta. Yalikuwa maneno marefu yenye sababu nyingi. Sasa hakuliona hata moja.

"Dada, hukwenda kasi."

"Nini?"

"Hukwenda kasi. Matairi yalikuwa vipara. Nililileta gari hapa, kwa mama huyuhuyu. Aliniambia yamekwisha, nisilitembeze. Nikakuambia yako sawa."

Dada yake alimtazama kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha.

"Sema tena."

Akasema tena.

"Kwa nini?"

"Ile harusi. Gari lingekaa hapa siku tano. Nilikuwa nimeahidi..."

"Harusi." Alilitamka lile neno kama la lugha ngeni. "Ulinitumia picha. Umeegemea gari, mkono mfukoni. Na mimi kule mafunzoni nikawaonyesha wenzangu, nikasema tazameni mdogo wangu alivyopendeza." Alipumua. "Na yale matairi? Gereji niliyaulizia. Waliniambia yalitupwa."

"Mimi ndiye niliyesema yatupwe."

Hapo ndipo alipokaa. Alikaa juu ya rundo la matairi makuukuu, mkoba mapajani, magoti pamoja, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

"Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima naamka nakanyaga breki kitandani. Mama mkwe ananiita muuaji wa kinanda, mimi nanyamaza, nasema ana haki. Nimejifunza kutembea barabara ile kwa mguu ili niuone ule ukingo kila siku, nisisahau nilichofanya. Na wewe unakuja Jumapili, unakula, unanipigapiga mgongoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mimi changu nilikuwa nakichemshia chai."

"Nisamehe, dada."

"Usiniambie hilo neno saa hizi. Usiniambie kabisa."

Hakulia. Gia angependa alie, au ampige kofi. Alisimama, akajipangusa vumbi, akaita: "Mama Presha!"

Mwanamke akatokea upesi mno kwa mtu aliyekuwa mbali.

"Nionyeshe linaloshika kwenye maji."

"Ni hili la katikati. Tazama hii mifereji minne mirefu, inakimbiza maji pembeni. Ningekuwa na dada ningemfungia haya."

"Nifungie manne."

Ilichukua karibu saa nzima. Dada alisimama karibu na jeki akitazama kila nati inavyokazwa, akauliza namba za ubavuni zinasomwaje, akazisoma mwenyewe moja moja: wiki ya ngapi, mwaka gani. Alipima presha kwa mkono wake. Gia alisimama karibu na mlango, hana kazi, hana pa kuweka mikono. Gari liliposhushwa, dada alinyoosha kiganja bila kumtazama.

"Funguo."

"Dada, unaweza? Hujaendesha tangu..."

"Funguo."

Alikaa nyuma ya usukani muda mrefu. Akasogeza kiti mbele, akarekebisha kioo. Gari likatoka polepole, likasita barabarani, likaingia. Halikutoa hata mlio. Gia alirudi nyumbani kwa miguu, na huo mwendo haukumtosha.

*

Wiki sita hakupokelewa simu. Jumapili ya kwanza alifika mlangoni akaambiwa na mpwa wake kwamba mama amelala. Viatu vya mama havikuwepo mlangoni. Wiki hizo hakurudi tena.

Lakini kitu kimoja hakikumpa usingizi: mama mkwe. Dada asingekwenda kujitetea kwa mwanamke yule. Si tabia yake. Kwa hiyo Gia alivaa shati safi akaenda mwenyewe. Bibi yule alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Gia alisimama, akakataa kiti, akasema yote, kuanzia utepe wa harusi mpaka matairi yaliyotupwa.

Mwishoni bibi aliweka ungo chini.

"Umenifanya nimtukane mtoto wa watu mwaka mzima."

"Ndiyo, mama."

"Na ulimi ni wangu, siwezi kukusingizia. Lakini jiwe la kurushia ulinipa wewe." Akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Ondoka. Nina safari ya kwenda kuomba radhi, na kwa umri wangu sikuizoea."

Shemeji ndiye aliyemwita. Walikaa barazani, karibu na jokofu lililofunikwa.

"Nimeambiwa," alisema shemeji. "Mke wangu kwanza, kisha mama. Mama alilia, jambo ambalo sijaliona tangu baba afe." Alijipapasa paji la uso. "Watu watakuambia si kitu, yameshapita. Mimi sitakuambia hivyo, shemeji. Ni kitu. Nilikuwa na kazi ninayoipenda, sasa nasahihisha madaftari ya wenzangu. Kuna siku nakuchukia mpaka naona aibu. Leo si moja ya siku hizo, ndiyo maana nimekuita leo."

Gia aliinamisha kichwa. "Nifanye nini, shemeji?"

"Sijui. Nikijua nitakuambia. Ila usijifiche. Ukijificha, mke wangu atabaki anagombana na ukuta."

Basi hakujificha. Alipita kila Jumamosi, akafagia uwanja, akatengeneza bawaba za mlango wa nyuma zisilie, akaondoka kabla ya chakula. Dada yake alipita mbele yake kama anayepita mbele ya ndoo. Ukooni hakuitwa tena kutazama magari. Habari ilikuwa imezunguka. Binamu alinunua gari bila kumwuliza, na Gia akaona ni haki.

Kuelekea mwisho wa mwaka, alasiri moja, alikuwa kituoni mbele ya posta akisubiri usafiri. Mawingu yalipasuka ghafla, watu wakakimbilia chini ya vibaraza. Gari jeupe likasimama mbele yake bila yeye kulisikia linakuja. Kioo kikashuka nusu.

"Panda," alisema dada yake.

Alipanda. Maji yalimtiririka kwenye kiti, akajaribu kuyazuia kwa mikono.

"Funga mkanda."

Akafunga. Dada alitazama vioo, akaingia barabarani kwa mwendo wa mtu aliyejipimia mwenyewe. Kimya kilikuwa kingi humo ndani. Mvua juu ya bati, basi. Walipofika kwenye taa nyekundu alisema, macho mbele, "Sijakusamehe."

"Najua, dada."

"Usidhani kwa kuwa nimesimama."

"Sidhani."

Taa ikawa kijani. "Ila unalowa kama kuku," alisema, "na mama yetu alinikabidhi wewe ukiwa na miaka miwili. Nikupeleke wapi?"

Gia alimwelekeza. Akakaa mikono juu ya magoti mpaka walipofika.